Apdeti imeua modi zangu zote, na sasa wananiuzia zao. Nirudi aje kwenye toleo la zamani?

PiloteKadutu, Bukavu

Jambo bandugu wote. Nakuja na swali lakini kwanza muniache nilalamike kidogo, sijalala.

Niko na kachumba ka gemu hapa Kadutu, komputa nne za okazio, yaani za mitumba, na kusema kweli ni komputa moja tu inalisha zile tatu, ile yenye gemu ya malori na mabasi. Jina la gemu sitalitaja na la kampuni pia sitalitaja, wanaojua wamejua. Hiyo gemu ukiinunua vile ilivyo unaendesha huko Ulaya, barabara laini kama sahani, kila mtu anasimama kwenye taa nyekundu, hakuna wa kukukatia mbele, mtoto wa huku anacheza dakika kumi anaanza kupiga miayo. Kilichokuwa kinawaleta ni modi, yale mambo ya kuongeza kwenye gemu ambayo wachezaji wanatengeneza wenyewe. Nilikuwa na modi 34, nimezitafuta moja moja mwaka mzima na forfe za usiku, bando za intaneti: kuna Fuso iliyopakiwa mpaka imeinamia upande, kuna Hiace yenye mlango haufungi vizuri, kuna mvua inayotelezesha gari, kuna ramani moja mtu aliichora milima na matope na kona mbaya mbaya, sisi tukaibatiza Ngomo maana ukiishuka unashika usukani na maombi, kama ile ya kwenda Uvira. Mtoto analipa franka 500 kwa robo saa, wenzake watano wanasimama nyuma wanamwongoza, "rudisha ya pili! rudisha ya pili!", kama wote walizaliwa konvoyeri, utingo wa lori.

Sasa Jumanne umeme ulirudi saa tano za usiku, nikaacha komputa inawaka ili ishushe kitu kingine kabisa, kazi ya mteja, nikaenda kulala. Asubuhi nakuta forfe imekwisha, kazi ya mteja haijafika hata nusu, na gemu imejishushia apdeti ya giga 11, ile tunayoita mizajuru, bila kumuuliza mwenye nyumba. Nafungua: menyu mpya, na katikati kabisa ya menyu, duka. Modi 34, zinazotembea 5. Ramani ya Ngomo ukiifungua gemu inazimika. Fuso imekuwa zambarau mwili mzima. Na kule dukani wanauza nini? Mvua. Dola 4 na senti 99, mvua! Mtu wa Bukavu anunue mvua!

Watoto wakaja saa nane, wakaangalia, mmoja akaniuliza "papa, barabara imeenda wapi?" Nikakosa jibu.

Kwa hiyo: naweza kurudisha toleo la wiki iliyopita ao ndiyo basi tena? Na nikilirudisha nifanye aje lisijiapdeti? Gemu nilinunua kihalali kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, mjomba aliye Kampala alinilipia na kadi yake, kwa hiyo musinitume kwenye gemu za wizi.

ndosho_tech, Goma

Pole sana ndugu. Hiyo zambarau usiiogope, maana yake gemu imetafuta picha ya modi mahali ilikuwa, imeikosa, inakupakia rangi yoyote.

Fanya polepole. Kabla ya kitu chochote kata koneksio. Ingia kwenye Documents, nakili folda ya sevu zako, yaani michezo uliyohifadhi, uiweke kwenye flash, maana ukifungua sevu ya zamani na toleo jipya halafu ukasevu juu yake, hata ukirudi nyuma gemu ya zamani inaweza kuikataa. Watu wengi wanapotezea hapo, asubuhi ya kwanza, kwa hasira.

Halafu kwenye Steam bonyeza jina la gemu na kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, tafuta sehemu ya Beta. Jina linadanganya, mtu anafikiri ni mambo ya majaribio tu, kumbe kampuni zenye adabu zinaweka humo matoleo ya nyuma. Euro Truck Simulator 2 iko vile, wale Wacheki wa SCS Software, gemu yao ni ya 2012 na humo ndani unakuta matoleo mengi ya zamani yamepangwa, unachagua lako linashuka, hakuna uchawi. Kama kampuni yako imeweka, umepona leo leo.

Kama haijaweka, kuna konsoli. Kwenye kivinjari andika steam://open/console, kutafunguka sehemu ya kuandikia, unaandika download_depot halafu namba tatu: ya gemu, ya depoti (furushi la faili zake), na ya manifesti (orodha ya faili) ya lile toleo unalotaka. Namba zote ziko kwenye tovuti ya SteamDB, wewe angalia tarehe ya kabla ya Jumanne. Ikianza kushusha iko kimya kama mke amekasirika, usidhani imekwama, iache. Faili zitakuwa steamapps, ndani ya content, unazichukua unazibandika juu ya zile mpya. Ubaya ni kwamba unashusha gemu upya, giga zote, kwa hiyo kabla hujapoteza forfe nyingine uliza kwanza kama kuna mtu hapo Bukavu ana gemu hiyo hiyo na komputa yake haijaona mtandao mwezi huu, uende na diski ya nje unakili folda yake. Umelipa, akaunti ni yako, faili ni zilezile.

Kuzuia sasa. Kwenye sifa za gemu, sehemu ya apdeti, chagua isiguse mpaka uifungue. Hakuna chaguo la "usiapdeti kamwe", hilo usilitafute. Halafu Steam yenyewe iweke kwenye hali ya nje ya mtandao wakati watoto wanacheza. Wengine wanaingia steamapps wanatafuta faili ya appmanifest yenye namba ya gemu, wanaifanya ya kusomwa tu, Steam ikija kuandika inakuta mlango umefungwa. Na siku ukipata toleo lako, nakili folda nzima kwenye diski ya nje na uandike tarehe juu yake.

Modi zako ni za Workshop, ile sehemu ya modi ndani ya Steam, ao ulizishusha kando?

PiloteKadutu

Kando nyingi, za Workshop ni 6 tu. Sehemu ya Beta nimeangalia, tupu, hakuna hata kimoja. Sevu nimenakili, aksante sana kwa hiyo maana mkono ulikuwa unaniwasha nifungue.

Kitu kimoja sielewi lakini. Wao wameongeza duka. Duka na ramani ya matope wapi na wapi? Kwa nini kibanda kijengwe Nyawera na nyumba ianguke Kadutu?

ndosho_tech

Haha. Ni hivi, fikiria unavyomwelekeza mgeni nyumbani kwako. Humwambii namba ya nyumba, unamwambia panda mpaka kwenye bomba la maji, nyumba ya tatu, geti la bluu. Modi nyingi kubwa zinaingia ndani ya gemu kwa njia hiyo. Kampuni haikuzipa mlango, aliyeitengeneza alichungulia akaona kitu fulani kiko hatua kadhaa ndani ya programu, akaandika "baada ya bomba, ya tatu". Sasa kampuni ikiijenga programu upya, hata kama ni kwa kuongeza duka tu, vyote vinasogea. Bomba limehamishwa. Modi inakuja usiku inabisha kwa jirani, na jirani anapiga kelele, gemu inaanguka.

Ukitaka kuona mfano mkubwa angalia Skyrim, gemu ya kampuni ya Bethesda. Kuna kitu kinaitwa SKSE, programu ya kusaidia modi, watu wameitengeneza wenyewe, modi nyingi nzito za gemu ile zinakaa juu yake. Mwezi wa 11 mwaka 2021 walipotoa Anniversary Edition walibadilisha mpaka kompaila, yaani ile mashine ya kugeuza kodi kuwa programu, kwa hiyo haikutosha kusahihisha anwani mbili tatu, modi zenye DLL zao, yaani faili za programu, ilibidi zijengwe upya. Mtu aliyekuwa ameacha modi yake 2018 akaenda kuoa, nani atamfuata aijenge upya? Halafu tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2023 ikaja tena, na safari hii sababu ilikuwa ni hiyo hiyo yako, walikuwa wanaleta Creations, duka lao la modi. Kwa hiyo kibanda cha Nyawera kinaangusha nyumba ya Kadutu kabisa kabisa.

yaya_Katuba, Lubumbashi

Baleki, wadogo zangu, muniache na miye niseme, miye niko mu hii mambo tangu disiki za kuchapa, na wenye kusema imeanza juzi banajidanganya.

Mwezi wa ine 2006 Bethesda ilitoa silaha ya kuvalisha farasi mu gemu yao Oblivion, dola 2 na nusu. Silaha ya farasi, haisaidii kitu, farasi anapendeza tu. Dunia nzima ilicheka. Miye pia nilicheka. Kumbe walikuwa wanapima kina cha mto, na mto haukuwa na kina, watu walinunua.

Halafu tarehe 23 mwezi wa ine 2015, Valve, wenye Steam, na Bethesda bakafungua soko la modi za kulipa mu Skyrim, pale pale ku Workshop penye zilikuwa za bure. Sasa musikie mgawanyo: mwenye kutengeneza modi 25 kwa mia, Valve 30, Bethesda 45. Muntu amekesha miezi, anapata robo, na hao wawili bagawane zile robo tatu. Na njo mambo yakaharibika siku zile zile, maana modi za bure zilikuwa zinasaidiana, hii inakopa kitu kwa ile, na ile kwa ingine, kama majirani wenye kukopana chumvi. Ukiweka bei kwenye sahani moja, kila jirani anauliza chumvi yangu iko wapi. Kulikuwa modi moja ya kuvua samaki, ilikuwa inategemea kazi ya animesheni ya muntu mwingine ambaye hakuulizwa vizuri, ikaondolewa haraka haraka. Watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi kupinga. Tarehe 27 soko likafungwa. Siku ine!

Tukasema tumeshinda. Tulishinda wapi? Mwaka 2017 wakarudi na Creation Club, safari hii hawakusema "modi za kulipa", walibadilisha jina tu. Mwaka 2023 Creations. Mwezi wa sita 2024 mu gemu yao ingine, Starfield, misheni moja kwa pointi 700, ni kama dola 7, gemu yenyewe ulishainunua bei ya mbuzi. Muntu akifukuzwa mlangoni anarudi amebadilisha kofia.

Lakini mwenye aliniuma sana ni wale ba Fallout London. Vijana wamejenga mji mzima wa London juu ya Fallout 4, gemu ingine ya Bethesda, miaka, bila mshahara, ni modi kubwa kuliko gemu zingine zenye kuuzwa. Walikuwa wamesema itatoka tarehe 23 mwezi wa ine 2024. Kampuni ikatangaza apdeti yake ya Fallout 4 kwa tarehe 25, juu filamu ya televisheni ilikuwa imetoka mwezi ule na kila muntu anaongea Fallout. Sasa utatoa modi leo na kesho kutwa ivunjike? Wakangoja. Ilitoka tarehe 25 mwezi wa saba, na hata pale ilibidi uirudishe gemu ku toleo la zamani ndipo uiweke. Miezi mitatu ya bure imekwenda na maji.

Na usisahau, PiloteKadutu, kurudi nyuma haina mambo mapya. Sisi ba zamani wa GTA San Andreas tunajua, ukitaka modi unatafuta toleo 1.0, hayo mengine unaachia wenyewe. Mwaka 2014 apdeti iliingia ku ile ya Steam ikaondoa mpaka nyimbo za redio, juu leseni zimeisha. Umelipa gemu, wanakuja kuchukua muziki mu gari yako.

PiloteKadutu

Yaya umeniua na hiyo ya muziki kwenye gari.

mpira_tu

Nunueni mpira mukacheze nje

PiloteKadutu

Nje kunanyesha. Na ya huku ni ya bure.

Kunguru_10, Lubumbashi

Nitasema kitu hamutakipenda lakini nitasema.

Miye ninatengeneza modi. Si kubwa, jezi. PES 2017, gemu ya mpira, niko nayo mpaka leo kwa sababu Konami walipogeuza kila kitu kuwa eFootball mwezi wa tisa 2021, nilifungua mara moja nikaona zile sura za wachezaji, nikafunga. Basi nilikaa nikatengeneza timu zetu za hapa, Mazembe, nyeusi na nyeupe, na Lupopo pia niliwatengeneza, bluu na njano, ingawa niko Kamalondo, mtaa wa Mazembe, na watu waliniuliza kama nimerogwa. Jezi moja nzuri, na namba, na mikunjo, na matangazo yasimame sawa kifuani, ni usiku tatu ao ine, na umeme wa hapa munaujua. Nikatengeneza mpaka mabango ya pembeni ya uwanja. Nikaweka bure.

Baada ya miezi mitatu namuona muntu sokoni anauza flash, dola 5, ameandika Linafoot kamili, yaani ligi yetu ya Kongo. Nikanunua moja nione. Ni yangu. Amefuta jina langu kila mahali, lakini ku bango moja nyuma ya goli nilikuwa nimekosea herufi, nimeandika "Lubumbahsi", na ile "Lubumbahsi" ilikuwa pale inang'aa. Nikamwendea, akaniambia kaka, si uliweka bure? Nikamrudishia flash yake nikaondoka. Nikamwambia nini?

Sasa munasema 25 kwa mia ni matusi. Ni matusi, nakubali. Lakini miye nimepata sufuri kwa mia, na 25 kwa mia ya dola 5 ni dola moja na senti 25, ningekunywa kitu cha baridi. Kuna wenye kuanzia na modi wakafika mbali, Counter-Strike ilikuwa modi ya Half-Life, gemu ya Valve, mwaka 1999, vijana wawili, Valve ikainunua na ikawachukua kazini, 2000 ikauzwa kama gemu kamili. Hiyo ni kulipwa. Kwa hiyo miye sisemi pesa ni mbaya ku modi. Nasema pesa inafikia kwa nani.

Na wewe PiloteKadutu, usikasirike, nakuuliza tu kama ndugu: franka 500 kila robo saa, mwaka mzima, na umesema mwenyewe wanakuja kwa ajili ya modi. Yule aliyekuchorea Ngomo, umemtumia nini? Meseji hata moja?

yaya_Katuba

Kunguru umepiga penye kuuma lakini unachanganya mambo mbili. Yule wa flash ni mwizi na ninamjua labda. Lakini hakukuja ku kwako usiku kupasua zile jezi ulikuwa umevaa. Kampuni inafanya yote mawili, inafungua duka na inavunja ya bure usiku mmoja, halafu inakuambia ni bahati mbaya. Na kuna wenye hawasemi hata bahati mbaya. Warcraft III, gemu ya Blizzard, ramani za watu ndizo zilizaa gemu ya DotA, unajua pesa ngapi zimetoka mu DotA. Blizzard walipotoa Reforged mwaka 2020 bakaandika mu masharti kwamba ramani yoyote muntu anatengeneza ndani yake ni yao. Hata chumvi ya jirani ni yao.

Kuhusu swali lako kwa PiloteKadutu sina la kusema, ajibu mwenyewe.

lava2002, Goma

Mimi ni wa Minecraft, niwape hadithi ya pande zote mbili maana nyumbani tuko nazo mbili.

Mdogo wangu anacheza ile ya simu, Bedrock. Huko tangu 2017 kuna soko, unanunua Minecoins halafu unanunua ngozi, ramani, nyumba, kila kitu. Mafungu ya sarafu na bei za vitu havilingani kamwe, daima zinabaki sarafu chache ambazo hazinunui kitu, na mtoto anakuomba umuongezee kidogo ili zile zilizobaki zisipotee. Nani alifikiria hiyo kitu, aliuza karanga huyo. Na hata ningetaka kumnunulia, na nini? Benki hapa Goma zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025, kadi yangu ilibaki plastiki ya kufungulia mlango wa choo.

Mimi niko kwenye Java, komputa. Kule modi ni za bure na, hii ndiyo nilitaka PiloteKadutu asome, ukifungua launcher, programu ya kuanzisha gemu, unachagua toleo. Lolote. Ukitaka la miaka kumi nyuma unalipata, kampuni yenyewe inakupa, hakuna konsoli, hakuna namba za manifesti. Ndiyo maana kuna watu mpaka leo wako 1.12.2 na modi mia mbili na hawajui kilichotokea duniani tangu wakati huo. Na mwaka 2019 Mojang, wenye Minecraft, walianza kutoa mpaka orodha ya majina ya kodi yao ili wenye modi wasipapase gizani, yaani ile ya ndosho_tech ya bomba na geti la bluu, wao walikuchorea ramani ya mtaa. Kwa hiyo mtu akikuambia haiwezekani anakudanganya. Kampuni ni moja, kwenye mkono mmoja anakuuzia sarafu na kwenye mkono wa pili anakupa matoleo yote bure. Apdeti zije tu, mimi sina neno nazo, lakini mtu abishe hodi.

ndosho_tech

Hiyo ya kuchagua toleo na GOG, duka lingine la gemu, wanayo, wanakupa kisakinishi unakiweka kwenye diski yako na hakuna wa kukuja kukigusa. Nilisahau kusema. Kwa gemu ijayo, kama iko GOG, nunua kule.

PiloteKadutu umefika wapi?

PiloteKadutu

Samahani nimekawia, umeme.

Nimepata mtu Nyawera, mwanafunzi, komputa yake haijaunganishwa tangu mwezi uliopita kwa sababu hana pesa ya forfe, umaskini wake umeniokoa na nimemwambia hivyo hivyo tukacheka. Folda ni giga 23. Diski yangu ni ya polepole, tukakaa pale tunaongea, ikifika giga 19 umeme ukakatika. Nikarudi kesho yake na soda mbili. Safari hii ilimaliza. Nimebandika, nimeifanya ile appmanifest ya kusomwa tu, nimekata koneksio, nimefungua na macho yamefungwa.

Kunguru, swali lako lilinikalisha. Sikuwa nimemtumia kitu. Kusema kweli sikuwa najua hata ni nani, faili ya maelezo ilikuwa mle ndani ya zipu mwaka mzima sijawahi kuifungua. Nimeifungua jana. Ni mtu wa Indonesia, kule wanapenda mabasi kuliko sisi. Nimemwandikia kwa Kiingereza changu cha kuokota, nimemwambia niko Bukavu, watoto wanalipa kucheza ramani yako, nimekuwa nakula juu yako na sikukuambia. Nilidhani atanitukana. Akajibu usiku ule ule, anasema apdeti imemchosha, modi zake zote nane zimevunjika na watu wanamwandikia matusi kama yeye ndiye alivunja, wengine wanadai azitengeneze kabla ya Jumapili, hawajawahi kumlipa hata senti. Hajui kama atazitengeneza. Akaniuliza Ngomo ni nini. Nikamtumia picha ya lori limelala kwenye ile kona, akaandika "hapana hapana hapana" mara tatu halafu akaomba zingine.

Hela sijajua nitamtumia kwa njia gani, mobile money ya huku haifiki Indonesia, nikipata njia ya mjomba wa Kampala nitaona. Lakini jina lake nimeliandika kwenye karatasi ukutani juu ya komputa, kubwa, na watoto wameshalisoma vibaya kila mmoja kwa namna yake.

Kunguru_10

Sawa. Mimi sikutaka zaidi ya hapo.

ndosho_tech

Na modi? Zimerudi ngapi?

PiloteKadutu

33. Fuso imerudi rangi yake, mvua imerudi, Ngomo imerudi na kuna mtoto ameshaanguka mara nne tangu saa nane. Iliyokataa ni ile ya honi, ilikuwa ya Workshop, ilishajiapdeti yenyewe na ya zamani sikuwa nimenakili, yule mwanafunzi pia hana. Kwa sasa wanaosimama nyuma ndio wanapiga honi kwa mdomo.

yaya_Katuba

Leki, bapandishie bei.